Bendera ya Ubao Namba Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi ya kuuma. Mtaa wote wa Mashimoni unanuka makaa.

Senge Nasike, dada ya Baba, alinipigia simu nikiwa saiba, kwenye duka la kompyuta, nikichapia mtu barua ya kuomba kazi. Kuka, babu yangu, ametolewa hospitali. Si kwamba amepona – wamesema hakuna kingine, tumkalishe nyumbani. Moyo umechoka, maji yamejaa kwa mapafu. Miguu imefura hadi soksi haziingii.

Miaka tisini na tatu. Ndiye alinilea Baba alipofariki. Nilijua siku hizi zinakuja. Bado nilikosea jina la yule mtu mara tatu.

Jumatano, 6 Agosti

Nilifunga mapema, nikaenda Kawangware kwa Senge. Kuka anaongea maneno mawili, anapumzika. Alimtuma Senge dukani kununua maziwa ingawa maziwa yalikuwa mezani. Alitaka tubaki wawili.

Akaniambia nivute sanduku la bati chini ya kitanda. Koti la jeshi, limeliwa na nondo. Na kijitabu, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni tabaka tatu. Kurasa kumi na mbili, Kiingereza kitupu. Kanuni za Mashindano ya Bunduki, 1953.

Kwamba Kuka alikuwa askari wakati wa mkoloni sote tunajua. Kuhusu kitabu, hata Senge hajui. Kuka husoma Kiswahili na Biblia ya Lubukusu. Kiingereza hapana. Alisema nikisome peke yangu, nirudi Jumamosi nimwambie kinasema nini kuhusu bendera.

Nikamuuliza mbona hakumpa Baba akisome, na Baba alikuwa mwalimu. Akaangalia ukuta.

"Niliogopa kitasema ni mimi."

Nikamuuliza, ni wewe umefanya nini? Lakini mlango ukafunguka. Senge alikuwa amerudi.

Alhamisi, 7 Agosti

Saiba haikuwa na watu. Nimesoma chote.

Risasi kumi kwa yadi mia mbili, kumi kwa yadi mia tano. Ukipiga ubao wa mwenzako, ni sifuri. Kombe ni la maafisa wa Kizungu peke yao; askari "watatumika" – ndivyo kimeandika, kama vile koleo. Ubao ukiharibika, mashindano yasisimame zaidi ya dakika tano. Malalamiko yaletwe ndani ya nusu saa, baada ya hapo hayatasikilizwa.

Kanuni ya kumi na nne ndiyo ya bendera. Bendera nyekundu ikishapandishwa haitashushwa ila kwa amri ya afisa wa handaki, akiwa amehesabu watu wake wote. Askari wa bendera asitii amri ya mtu mwingine, hata awe na cheo gani. Akiishusha bila hivyo, kosa ni lake.

Nimeisoma mara nne. Sijui Kuka alifanya nini.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Kuka amenisimulia. Ilimchukua karibu asubuhi nzima, pole pole, Senge akiwa sokoni. Mashindano yalikuwa ya wazungu, maafisa wa kambi mbalimbali, wake zao wamekuja na vikapu vya chakula. Askari Waafrika walikuwa kwa handaki, chini ya mbao za shabaha. Unakaa humo risasi zinapita juu yako. Mzungu akishapiga, unashusha ubao, unaonyesha kwa mti mrefu amepata wapi, unaziba tundu kwa karatasi na gundi, unapandisha tena. Siku nzima hivyo.

Ubao namba tatu walikuwa wawili. Kuka, na rafiki yake Okoth, mtu wa kutoka ziwani. Walilala hema moja miaka miwili. Okoth alikuwa amemwachia mke mimba nyumbani na alikuwa anaitaja kila siku mpaka Kuka anamwambia nyamaza.

Ubao ukakwama. Kuka akapandisha bendera, risasi zikakoma. Okoth akapanda juu ya ukingo kunyoosha fremu. Afisa wa handaki alikuwa ametoka, hata hawakujua ameenda wapi. Simu ya waya ikalia. Kapteni, kutoka huko wanakopigia risasi: dakika zinaisha, shusha bendera. Kuka anasema alijibu kuna mtu juu. Ama anafikiri alijibu. Miaka yote hiyo amejaribu kusikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo na hana hakika. Kapteni akarudia, kwa ukali.

Kuka akashusha.

Okoth alikuwa na miaka ishirini na mbili. Walimfunika kwa turubai. Saa nane mashindano yakaendelea, na Kuka akaziba matundu peke yake. Kapteni alikana kwamba alipiga simu. Hakuna aliyemuuliza Kuka chochote. Nyumbani kwa Okoth wakaandikiwa barua kwamba amekufa kwa homa. Jioni hiyo Kuka aliona kijitabu kimeachwa mezani, akakiweka ndani ya shati.

"Sasa niambie," akasema. "Kinasema ni nani?"

Nikafungua ukurasa. Nikamsomea kwa Kiingereza, kila neno kama lilivyo, kwa sababu nilijua hasikii Kiingereza. Kisha nikatafsiri. Nikasema: askari akiamriwa na afisa, kosa ni la afisa.

Ilitoka laini hivyo. Hata sikumeza mate.

Alifumba macho. Nilifikiri amelala. Halafu nikaona shuka inatetemeka.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuimba kanisani. Everlyne wa kwaya aliuliza kama nina homa, nikasema ndiyo. Uongo wa pili, huo mdogo.

Lakini alikuwa mtoto tu! Miaka ishirini na moja, Kapteni kwenye simu anamfokea. Nani angekataa? Hiyo kanuni iliandikwa na watu waliojua kabisa hakuna askari mweusi angemwambia Kapteni hapana. Kosa limeandikiwa mahali pake kabla ya siku yenyewe.

Ningemweleza hivyo. Ningemwambia kitabu kinasema hivi, na mimi nasema hivi. Sikumpa nafasi.

Jumanne, 12 Agosti

Senge anasema ni muujiza. Kuka ameketi, amekula ugali na mboga ya mrenda, ameulizia habari za redio.

Mimi namwona na naogopa, kwa sababu sasa ana mpango. Anataka Mama Lavender aletwe.

Mama Lavender wa omena, yule muuza dagaa wa Soweto East! Tangu nikiwa msichana tulimcheka Kuka. Kawangware imejaa omena, lakini kila mwezi lazima atembee na kikapu mpaka Kibera anunue kwa huyo mama. Senge alikuwa anasema Mzee amepata mchumba Mjaluo.

Jina lake Nereah. Ndiye ile mimba ya Okoth.

Askari mwenzao alimwonyesha Kuka miaka ya themanini, akisema yule pale ni binti ya marehemu. Zaidi ya miaka thelathini amenunua omena kwake na kuongea habari ya mvua. Alikuwa akirudi nyumbani anamwambia Senge, nitajaribu tena mwezi ujao, na Senge hakujua ni kujaribu nini.

Anataka aje na Lavender, bintiye, kwa sababu ni mwalimu. Lavender asome kitabu kwa macho yake, wasifikiri mzee anajitetea kwa hadithi. Nilisema amechoka, tungoje kidogo. Nilisema Mama Lavender ana magoti mabaya. Nilisema kila kitu isipokuwa kile cha kusema.

"Kitabu kiko," akaniambia. "Sasa siogopi."

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeenda kwa Mama Lavender. Alikuwa anapima omena kwa kopo. Nilimwambia Kuka Khaemba ni mgonjwa sana, na kwamba alimjua baba yake jeshini.

Mkono ulibaki ndani ya gunia. Akaniambia hajawahi kukutana na mtu aliyemjua baba yake. Mama yake aliolewa tena, nao ndugu za Okoth waligawana nguo za marehemu. Hata picha hakuna. Anajua jina na homa, basi. Akauliza, kwa hivyo huyu mzee amekuwa akija hapa miaka yote hii na anajua? Akauliza kwa nini hakusema. Nikasema atakuambia mwenyewe.

Watakuja Jumamosi.

Nilitaka kumwambia yote pale pale. Mteja akaja, na mimi nikashukuru kwamba mteja amekuja.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nijue nilifanya hivi.

Nilichapa kanuni ya kumi na nne upya. Kwa Kiingereza, kama nilivyomwambia Kuka. Nilitafuta herufi zinazofanana na za zamani, nikapunguza nafasi, nikachapisha. Nikalinganisha. Karatasi nyeupe pe kando ya ile ya rangi ya chai. Nikaichovya kwa chai kweli, nikaianika juu ya mashine.

Ilianza kufanana. Hapo ndipo nilijiogopa. Niliichana, nikaitia kwa jiko, stima ikapotea, nikakaa gizani mpaka jiko likazima.

Kesho nitafika Kawangware mapema, nimwambie Kuka kabla hawajaja.

Jumamosi, 16 Agosti

Sikuwahi. Nilifika saa tatu na walikuwa wameshaingia – Mama Lavender hakulala, Lavender anasema, saa kumi na mbili alikuwa amevaa viatu.

Kuka amevalishwa shati jeupe. Ameegemezwa kwa mito miwili. Pumzi yake leo ni mbaya, inapiga filimbi. Senge ametoa chai na hakuna aliyekunywa.

Aliwaambia. Sikutarajia aseme wazi hivyo. Hakuanza na Kapteni, hakuanza na simu. Alisema, "Mimi ndiye nilishusha bendera, na baba yako alikuwa juu." Kisha ndipo akaeleza mengine, na kwamba kitabu kinasema kosa ni la afisa. Senge alikuwa amesimama na birika, akaliweka chini sakafuni kana kwamba limekuwa zito.

Mama Lavender hakulia. Mikono kwenye mapaja, anamtazama.

Kuka akaninyooshea kidole, nimpe Lavender kitabu. Nikampa. Nini kingine? Nilimfungulia hata ukurasa. Akaweka miwani, akasoma kimya, midomo ikisonga kidogo kama walimu wanavyosoma kazi ya mtoto. Alifika mwisho. Akarudi juu. Akainua macho, si kwa Kuka, kwangu.

Kuka akasema, "Msomee mama yako. Kwa Kiswahili."

Lavender akakifunga juu ya kidole chake. Mama yake akaweka mkono juu ya kitabu, akasema kingoje. Akamsogelea Kuka, mpaka magoti yake yakagusa kitanda.

"Alikuwa mrefu?" akamuuliza.

Kuka alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mimi nikatoka nje.

Nimekaa kwa jerikeni kando ya mlango, na daftari hili kwa magoti. Nasikia kupitia mabati. Kuka anamwambia alikuwa mrefu, lakini alitembea ameinama kidogo. Anamwambia alikuwa na mwanya. Kwamba alikuwa anakula haraka, kwamba usiku alikuwa anataja majina ya kumpa mtoto, na Nereah halikuwemo. Mama Lavender amecheka, ama si kucheka. Kuka anakohoa. Senge anasema apumzike. Kuka anasema ngoja, bado.

Mlango umefunguliwa. Ni Lavender. Ana kitabu, amebana kidole pale kwenye ukurasa. Amesimama mbele yangu, naona viatu vyake na upindo wa sketi.

Bado naandika ili nisiinue kichwa.