Gauni la Komunio la Mama

Herieli upo? Acha kila kitu usome.

Nimetoka na Bibi kwenye kile chumba cha nyaraka za zamani hapa mjini. Tulifuata ramani ya shamba lake. Kesho ni baraza la ardhi, na bila ramani jirani anabeba nusu ya shamba.

Mzee Konstantini, mtunzaji, katafuta weee. Ya kijiji cha Bonga ipo, ya Nangara ipo. Ya Sigino tu, kwenye shamba la Bibi, ndiyo haipo, imepotea tangu miaka ile ya themanini!

Akatuonyesha picha za wakati ule. Komunio ya Kwanza, na mbele kabisa ni mama yangu Lukresia! Gauni jeupeee, wenzake wote viraka. Nikamtania Bibi, "Nguo zimeadimika nchi nzima, wewe kitambaa uliiba wapi?"

Akacheka. Kwa fahari kabisa! "Si humu humu? Nilikuwa nafagia hapa. Ramani zilichorwa kwenye kitambaa kizuri, mjukuu wangu. Nikachukua moja, nikaichemsha mpaka wino wote ukatoka."

AKAICHEMSHA Herieli.

Mzee Konstantini akauliza taratibu, "Ilikuwa ramani ya wapi, Mama Lukresia?"

"Kwani mimi nilijua kusoma?"

Halafu akaiangalia picha tena. Kicheko kikaisha.

Mimi na chuo changu nusu, na utani wangu wote, nikamshika mkono tukatoka.

Sasa tuko nyumbani. Kalitoa gauni sandukuni, anasema kesho atalipeleka barazani. Nimeligeuza ndani nje, nimelimulika na simu.

Jeupe, Herieli. Halina hata mstari.