Jibu kwa Kundi Lote

Trieste, 25 Aprili 1999
Kwa: Mama

Mama mpendwa,

Hujambo? Miguu inaendeleaje? Mimi ni mzima huku ugenini, ni wasiwasi tu unaonila. Simu za kutoka nje haziingii tena. Napiga tangu asubuhi nasikia mluzi, ndiyo maana nimemwomba Živko wa chumba cha kompyuta pale chuoni akufungulie akaunti kwenye ile kompyuta ya nyumbani. Najua tangu enzi zako za maktaba ulikuwa unamtania kwamba hana kazi. Sasa unamhitaji, mvumilie.

Programu utakayotumia ni ya maandishi matupu. Haina picha wala kipanya, lakini kwa laini ya simu kama yenu nyingine haitafika. Ukishaingia bonyeza S, upate mipangilio. Mstari wa kwanza andika jina lako. Wa pili ni seva ya barua, Živko atakuandikia kwenye karatasi. Wa tatu ni seva ya habari. Huo usiuache wazi, ndio utakaokuingiza kwenye kundi la watu wa Novi Sad, mnamoulizwa bomu limeanguka mtaa gani na nani mzima. Tumejaa humo, kutoka Toronto mpaka Sydney, na kila anayetaka anasoma. Mwisho kuna saini: utakachoandika hapo kitajibandika chini ya kila barua yako.

Mama, Ognjen yuko wapi? Niambie hata kwa neno moja. Sina mdogo mwingine.

Mwanao,
Tijana


Novi Sad, 28 Aprili
Kwa: Tijana

Mwanangu,

Nakusalimu kwa vidole viwili, maana nikitia cha tatu skrini inakimbia. Sisi hatujambo. Miguu ni ileile. Daraja la mwisho limeanguka juzi na vioo vya jikoni vimekwenda nalo, nimeweka nailoni.

Nimejaza yote kama ulivyosema, na saini nimeitengeneza vizuri, mtu akitaka kunijibu asipotee njia. Lakini hii programu yako ni mbea. Nikitaka kujibu inauliza, kwa aliyeandika au kwa kundi lote? Nikitaka kutuma inauliza kama nina hakika. Nikitaka kutoka inauliza kama kweli natoka. Hata mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakunihoji hivi.

Kuhusu mdogo wako, karatasi ya kumwita jeshini imeletwa. Nimewaambia hayupo, na kweli nyumbani hayupo. Mengine nitakuandikia nikishaizoea mashine, leo jasho linanitoka.

Mama yako

Radmila Stojkov
Mtaa wa Wafinyanzi 14, ghorofa ya tatu
Novi Sad


Trieste, 29 Aprili
Kwa: Mama

Mama mpendwa,

Nimecheka peke yangu mpaka watu wa maabara wakanigeukia. Unajua nilivyokuwa nimesahau kucheka?

Maswali yanazimika. Bonyeza S tena, shuka mpaka kwenye ile orodha ndefu yenye mabano. Ndani ya kila bano mna alama ya msalaba. Tafuta mstari unaosema iulize kabla ya kujibu, bonyeza X, msalaba utoke, halafu hifadhi. Haitakusumbua tena.

Nimekuwekea salamu fupi kundini. Ukiiona, ujue seva ya habari umeiweka sawa. Halafu niandikie habari za Ognjen. Silali, Mama.

Mwanao,
Tijana


Novi Sad, 2 Mei
Kwa: kundi lote

Tijana mwanangu,

Hujambo? Salamu yako nimeiona, na salamu haiachwi ikining'inia, kwa hiyo naijibu papo hapo. Swali nimelizima. Sasa programu imekuwa na adabu, haisemi kitu.

Umeniuliza habari za mdogo wako, nami leo mkono umekuwa mwepesi. Yuko kwenye kibanda chetu cha mlimani Fruška Gora, juu ya kijiji cha Rakovac, kile cha bati la kijani ambako marehemu baba yako alikuwa na mizinga ya nyuki. Mchana hatoki nje. Mimi nikipata boti ya kuvuka mto nampelekea maharage na sigara. Wenzake wamepelekwa kusini vitani, na wawili wa mtaa wetu wamerudi ndani ya masanduku. Mimi wangu simtoi. Wakiniita mwoga, na waniite.

Alhamisi ni Mtakatifu Georgi, sikukuu ya nyumba yetu. Ngano ya kuchemsha nimeshapata, sukari naitafuta. Ognjen amesema atashuka aje akate mkate wa sikukuu, kwa kuwa tangu baba yenu afe ni yeye anayeukata. Nimemkataza, lakini unamjua.

Hayo yabaki kati yako na mimi.

Mama yako

Radmila Stojkov
Mtaa wa Wafinyanzi 14, ghorofa ya tatu
Novi Sad


Trieste, 2 Mei
Kwa: Mama

Mama, soma hii kabla ya kitu kingine chochote.

Barua yako haikuja kwangu. Umejibu ukiwa ndani ya kundi, na kwa kuwa swali limezimwa, jibu limekwenda kundini. Ipo pale na jina lako na mtaa wako. Ingia kundini sasa hivi, simama juu ya barua yako, bonyeza C, kubali kuifuta. Mimi siwezi, inamtii aliyeiandika tu. Simu ya Živko haipatikani.

Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuambia uzime swali. Ifute, Mama, tutalaumiana baadaye.

Tijana


Trieste, 3 Mei
Kwa: Mama

Mama,

Redio inasema umeme umekatika karibu nchi nzima. Kwa hiyo mashine yako imelala na barua yangu hujaiona, na yako bado ipo.

Watu wanaisoma. Mmoja wa Toronto ameandika, "Mama Radmila, ifute haraka." Mwingine wa Graz anakuombea. Lakini yupo asiyejitaja jina, ameandika maneno machache tu: "Asante kwa maelekezo."

Ukiwasha tu mashine, C.

Mwanao


Novi Sad, 5 Mei
Kwa: Tijana

Mwanangu Tijana,

Umeme umerudi saa hii na sijui utakaa kwa muda gani. Barua nimeifuta. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nimeifuta. Swali nimeliwasha tena, na likiniuliza nalijibu kwa heshima zote.

Mdogo wako mzima. Nisikilize vizuri. Ule usiku wa Jumapili alikuwa huko juu, akauona mji wote unazimika kwa mara moja. Akadhani tumekwisha. Akashuka kwa miguu mpaka mtoni, akapata boti, akanigongea mlango akiwa na matope hadi magotini. Nilimpiga kofi kwanza, kisha nikamkumbatia. Sasa yuko chumbani mwako, anatembea kwa soksi.

Jana wakaja askari wawili. Walikuwa na barua yangu kwenye karatasi, imechapwa vizuri na saini yangu chini. Walishakwenda kibandani wakakuta blanketi na sufuria ya maharage. Mimi nikasimama mlangoni nikaongea kama kasuku, habari za miguu, habari za vioo, ili wasisikie sakafu ikilia. Mkubwa wao ni mtu wa adabu, na hilo ndilo linaloniogopesha. Akaniambia, "Mama, Alhamisi ni sikukuu yako. Mtoto wa kiume haikosi. Na sikukuu ya nyumba haina mwaliko, au siyo? Tutakuja kama wageni wengine."

Alisema kweli. Siku hiyo hatualiki mtu, na anayekuja harudishwi mlangoni. Tijana, naogopa. Nimezeeka na sijui nimweke wapi mtoto mkubwa kama kabati.

Mama yako


Trieste, 5 Mei
Kwa: Mama

Mama mpendwa,

Funga mlango mwaka huu. Usiwashe mshumaa, usichemshe ngano, waambie majirani unaumwa. Mtakatifu Georgi ameona vita vingi, ataelewa. Mtoe Ognjen usiku, mpeleke kwa mtu yeyote. Nakuomba, kwa mara moja katika maisha yako usiwe mbishi.

Mwanao,
Tijana


Novi Sad, 5 Mei, jioni
Kwa: kundi lote

Tijana mwanangu,

Tumshukuru Mungu. Ognjen amevuka mpaka. Amepita mashambani upande wa Subotica, na jamaa wa kule amenitumia habari kwamba kijana yuko Hungaria, mzima. Kesho atapanda treni Budapest aje kwako. Mlaki stesheni na umpe chakula cha moto, amekonda.

Usimwambie mtu yeyote. Safari hii nimekuwa mwangalifu, barua imekuja kwako peke yako.

Mama yako

Radmila Stojkov
Mtaa wa Wafinyanzi 14, ghorofa ya tatu
Novi Sad


Trieste, 5 Mei, jioni
Kwa: Mama

Mama, umerudia tena. Umetuma kundini, dunia nzima inasoma. Lakini sina nguvu ya kugomba, nalia tu kwa furaha. Alivukaje, na asubuhi alikuwa chumbani mwangu? Basi, atanieleza mwenyewe. Nimeomba ruhusa kazini, kesho siku nzima nitakuwa stesheni.

Mwanao


Trieste, 7 Mei
Kwa: Mama

Mama, hakuja. Nimesubiri treni zote za jana, na za leo asubuhi. Nimewauliza Wahungaria wawili na mpiga filimbi wa stesheni. Na wewe kimya. Amekamatwa? Niambie ukweli, hata kama ni ule ninaouogopa.

Tijana


Novi Sad, 7 Mei
Kwa: Tijana

Mwanangu,

Nisamehe. Hakuvuka popote. Yuko hapa, anakula supu.

Umeniambia nifunge mlango. Mlango huu haujafungwa siku ya Mtakatifu Georgi hata mwaka aliokufa baba yako, na ningeufunga jana ingekuwa sawa na kuandika ukutani kwamba nimemficha. Nikafikiri, dawa ya moto ni moto. Waliamini barua ya kwanza kwa sababu ni ya kizee asiyejua kutumia mashine. Kizee huyo akikosea mara ya pili, si wataamini tena? Nikaijibu salamu yako ileile. Swali likatokea, kwa aliyeandika au kwa kundi lote? Nikasema kundi. Una hakika? Nikasema ninayo.

Wakaja kama walivyoahidi. Sebule ilikuwa imejaa majirani. Mkubwa wao alijifanyia ishara ya msalaba, akala kijiko cha ngano, akanywa glasi ya pombe ya rakija, halafu akaniinamia sikioni. "Mama, hiyo kompyuta itakuponza. Lakini hongera, kijana amekuwa na bahati." Nikajifanya sijui ameipata wapi habari, nikalia. Machozi hayakuwa ya kutafuta, Tijana, yalikuwepo. Ognjen alikuwa nyuma ya ukuta, ndani ya kabati lako la nguo, na mkate nikaukata mimi.

Nilikuacha uende stesheni bila kukuambia, maana sikujua nani mwingine anazisoma barua hizi, na umeme ukakatika kabla sijapata moyo wa kuhatarisha. Hata sasa sijui, ila nimeshindwa kukuacha unalia.

Bado jambo moja. Kundini wanauliza, amefika? Nawe umenyamaza. Waandikie amefika.

Mama yako


Trieste, 8 Mei
Kwa: kundi lote

Mama mpendwa,

Nakujibu hapa kwa kuwa hapa ndipo ulipoandika, na wenzetu wana haki ya kujua. Ognjen amefika. Treni ilichelewa, akashuka behewa la mwisho akiwa na mfuko wa plastiki tu. Ameoga mpaka maji ya moto yakaisha. Amekula tambi sahani mbili na mkate, akauliza kama kuna maharage, nikamwambia usinichokoze. Sasa amelala, dirisha liko wazi, na nje watu wanapita wakiongea kwa sauti na yeye hashtuki.

Nimekaa namtazama. Asanteni nyote mliotuombea.

Mwanao,
Tijana


Novi Sad, 11 Mei
Kwa: Tijana

Mwanangu Tijana,

Hujambo? Huku tu wazima, umeme unakuja na kuondoka. Askari hawajarudi. Watu wa kundi wamenipongeza kutoka kila pembe, na yule wa Toronto ameandika kwamba ameifungulia chupa barua yako.

Ognjen ameisoma begani mwangu. Ameziba mdomo kwa mto akacheka, akasema tambi zako anazijua na sahani ya pili hawezi kuimaliza mtu.

Mimi sikucheka. Najua kila neno ni la kutunga, niliyekuomba utunge ni mimi, na huyo unayemsimulia namsikia hapa anakohoa ndani ya shuka ili jirani asisikie. Lakini kila umeme ukirudi naifungua. Nikifika pale alipolala na dirisha wazi, moyo unatulia kabisa, kama wa mama wengine.

Andika tena, mwanangu. Andika kundini. Sema ametoka mchana, peke yake, amekwenda dukani kununua sigara, na amerudi.

Mama yako