Mjomba na Jeti ya Mtumba

Jumamosi usiku

Leo nimeongea mbele ya mtu nisiyemjua.

Mjomba, mfugaji wa Subukia, alikwenda Nairobi kununua jeti ndogo iliyotumika, akanichukua kwa kuwa nasoma sana vitabu vya ndege. Aliikagua kama anavyokagua ng'ombe wa maziwa: akaizunguka, akaipapasa tumbo, akainama kuangalia magurudumu.

"Kwa siku inakunywa kiasi gani?" akamuuliza muuzaji. "Na kama haina kasoro, mbona unaiuza?"

Majibu yakamridhisha, akanyoosha mkono wakubaliane. Nikajikuta nasema, "Mjomba, itatua wapi?"

"Kwangu. Nitafyeka nyasi."

Nikamweleza, huku nikiangalia viatu vyangu, kwamba jeti hii inataka lami ndefu, na shambani injini zitafyonza mawe. Muuzaji akakohoa. Mjomba akarudisha mkono mfukoni.

Tulipofika Gilgil, njiani kurudi, akaniuliza, "Kwani kuna ndege inayotua kwa nyasi?"

"Ipo. Ile yenye pangaboi mbele."

"Sawa. Kesho utawapigia simu wanaoziuza. Wewe ndiye unajua kuongea."

Mimi, ambaye hata mkate wa dukani humtuma dada yangu mdogo, nisije nikaongea na mwenye duka.