Sinia Lisilo na Mwenyeji

Malindi, Unguja
Jumapili, baada ya misa

Kwa Yaya Furaha,

Natanguliza salamu zangu kwako na, kwa mkono wako, shikamoo kwa Mama. Kabla ya lolote nataka kujua habari za goti lake la kushoto, kama bado linavimba jioni, na kama dawa nilizompa Mzee Ramazani zilifika zikiwa kavu. Nataka kujua pia kama lile bati la jikoni limezibwa, au bado mnahamisha jiko kila mvua inaponyesha. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa kimechoka, lakini uchovu wa kichwa si habari ya kusafirishwa mpaka Uvira.

Hapa neno "yaya" ni la mwanamke anayelea watoto wa watu. Wenyeji wangu wakinisikia nakutaja hivyo hudhani nazungumza juu ya mlezi wangu. Zamani niliwaeleza kwamba kwetu ndivyo tumwitavyo dada mkubwa. Siku hizi nimeacha, kwa kuwa nikiikumbuka miaka ambayo Mama alikuwa sokoni na mimi mgongoni pako, sioni kama wamekosea sana.

Barua yako aliniletea Mzee Ramazani mwenyewe, aliposhuka kwenye boti akitoka Dar es Salaam na magunia yake ya dagaa wa Kigoma. Ameniambia kwamba simu za huko zimekatika tena. Nimeisoma mara nne. Ina kurasa mbili za habari za walimu wako na wanafunzi waliobaki, kisha unauliza swali moja: wale askari wa nchi jirani waliopiga mahema katika uwanja wa shule yako, watabaki au wataondoka? Unasema niko karibu na wakubwa, kwa hiyo nikujibu kwa neno moja.

Naelewa uzito wa neno hilo. Wakibaki, Mama ataendelea kukaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, na wewe utaendelea kupiga kengele ya shule. Wakiondoka, kati ya waasi na mlango wetu hapatabaki kitu cha kuhesabika. Na Mama si mtu wa kuhamishwa kwa majaribio. Hilo tunalijua sote wawili, kwa sababu nilishawahi kukujibu swali la namna hii.

Mara ile niliandika kurasa tatu. Nilipanga sababu zangu kama mtu anayetetea tasnifu, nikakuambia ondokeni, mkaondoka. Waasi hawakufika mwaka ule. Waliofika ni wezi, wakabeba mpaka milango, na Baba akafa kwa homa kambini, akazikwa kando ya barabara ambayo hakuwa na shughuli nayo. Hukunilaumu hata siku moja. Ingekuwa nafuu kwangu kama ungenilaumu. Ndiyo sababu barua hii nimeianza mara kadhaa na kuichana, na ndiyo sababu naomba uisome polepole.

Wiki iliyopita wanafunzi wangu wa chuo pale Tunguu niliwaachia mazoezi ya tafsiri, nikaitwa kwenye kazi ya ukalimani. Maofisa wa nchi yetu walikuja Unguja kukutana na wale wa nchi jirani iliyotuletea askari. Kabla ya kuingia ukumbini kila mkalimani alikula kiapo na kutia saini kwamba hatatoa nje neno lolote litakalosemwa ndani. Nimekitunza kiapo hicho. Yaliyosemwa ukumbini hayamo katika barua hii, na nakusihi usiyatafute kati ya mistari.

Yaliyo wazi kwa kila mwenye redio naweza kuyataja. Wakubwa wetu wanalalamika kwamba askari wa jirani wanavusha mbao na madini, na kwamba husonga mbele wapendapo na kusimama wapendapo. Jirani analalamika kwamba anazika vijana wake katika ardhi ya watu wengine, kisha anasikia kutoka kwa wapita njia kwamba serikali yetu inazungumza na adui kwa siri. Nimeyafuatilia mambo haya kwa muda mrefu, na naona kila upande hujihesabu mwenyeji panapotafutwa mwenye kuamrisha, na mgeni panapotafutwa mwenye kubeba mzigo. Sikulijua hilo kwa kusoma peke yake. Nililiona mezani, au niseme mkekani, na kwa kosa langu mwenyewe.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, serikali ya hapa iliwaandalia wageni chakula katika nyumba moja kubwa ya Mji Mkongwe. Mpishi alikuwa Bi Zuwena, mama mwenye nyumba wangu, ambaye hupikia harusi na hitima za nusu ya mji huu. Chakula cha heshima hapa huliwa chini, watu watano kwa sinia moja la pilau, na nyama ya mbuzi huwekwa nzima katikati. Kila sinia hupewa mtu wa nyumba. Huyo ndiye anayeivunja ile nyama na kusogeza vipande upande wa wageni, huwahimiza waongeze, na huendelea kudonoa wali hata kama ameshiba, kwa sababu akitoa mkono wake kabla ya wageni ni kama amewaambia waondoke.

Kazi ya kupanga majina ya masinia nilipewa mimi. Sinia moja liliwahusu wakubwa wenyewe: Kanali wetu na msaidizi wake, Jenerali wa jirani na msaidizi wake. Bi Zuwena alikuwa amemweka kaka yake, Salum, awe wa tano. Nikamfuta Salum nikajiweka mimi. Nilifikiri kwamba pale panahitajika mkalimani kuliko mtu wa kuvunja nyama, kwa kuwa ukumbini mmoja hakubali kusema ila Kifaransa na mwingine hakubali ila Kiingereza.

Bi Zuwena aliisoma karatasi yangu akiwa na mwiko mkononi, akauliza, "Na hapa mwenyeji nani?"

Nikamjibu kwamba wote ni wageni wa serikali.

"Sikuuliza wageni wa nani, mwalimu. Wageni nnawaona." Kisha akanirudishia karatasi. "Haya. Msomi ni wewe."

Walikaa, wakanawa, wakaanza kula. Cha kwanza nilichogundua ni kwamba sikuhitajika. Mkekani wote wawili walizungumza Kiswahili, tena kizuri. Cha pili ni kwamba hakuna aliyeigusa nyama. Kanali alikuwa akimngoja Jenerali, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri na cheo. Jenerali alikuwa akimngoja Kanali, kwa kuwa kwa miaka hii yote yeye ndiye aliyealikwa nchini mwa Kanali. Wasaidizi waliwatazama mabwana zao. Mimi nilijiona mtumishi wa shughuli, nisiye na haki ya kugawia wakubwa. Kila mtu akala wali wa mbele yake, na ile nyama ikabaki katikati, wali ukipungua kuizunguka.

Mazungumzo yalianza kwa mzaha. Kanali alisema kwamba Jenerali amezoea chakula cha kwetu, ndiyo maana hali cha huku. Jenerali akacheka kidogo, akasema chakula cha kwenu kitamu, shida ni kwamba mtu akishakula redio inamtangaza mwizi. Kanali akasema redio haimtaji mtu asiyejulikana. Baada ya hapo hapakuwa na mzaha.

Jenerali alisema, bila kupandisha sauti, "Mlituita usiku, tukaja asubuhi. Sasa mnatuuliza tumekuja kuchukua nini."

Kanali akamjibu, "Mlikuja kwa ombi. Kukaa mmekaa kwa hiari yenu."

Jenerali akatoa mkono wake, akamwita mwenye birika anawe. Kwa desturi ya hapa mkubwa akishanawa, wengine nao wamekwisha. Tukainuka sote, na nyama ikarudi jikoni kama ilivyotoka.

Yaya, hapo ndipo lilipokuwa kosa langu. Nilihesabu lugha, vyeo na nafasi za kukaa, nikasahau kumweka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutotangulia kuondoka.

Alasiri niliingia jikoni kuomba radhi. Bi Zuwena alikuwa akikwangua sufuria. Aliniacha niseme mpaka mwisho, ndipo akanieleza lililotokea nilipokuwa nikiwasindikiza wengine kwenye magari. Lile sinia lilipomrudia na nyama nzima, hakuuliza nani kamkosea nani. Aliivunja ile nyama kwa mikono yake, akaifunga, akatoka uani kumtafuta aliyenawa kwanza. Jenerali akaona haya. Akakaa juu ya kigoda cha mbuzi ya nazi, jenerali mzima na nishani zake, akala vipande viwili mbele ya Bi Zuwena, na vingine akavichukua. Akamwita mama. Akamuuliza anaweka nini katika pilau lake, na Bi Zuwena akamfungia bizari ya kumpelekea mkewe.

"Akaniuliza harufu yake inakaa muda gani," Bi Zuwena alisema. "Nkamwambia mwezi, ukiifunga vizuri. Akasema haitafika mwezi, mama. Pasaka mimi na vijana wangu wote tunakula kwetu. Tushamaliza kule."

Nilimuuliza kama alisema "vijana wangu wote" au "vijana wangu". Nikamuuliza kama alisema "kule" akimaanisha kwetu, au akimaanisha mkutano. Nikamuuliza kama alikuwa akitabasamu. Alinijibu kila swali, kisha akachoka.

"Mwalimu, mtu hamdanganyi aliyemlisha, tena kwa jambo la bizari. Huyo anaondoka na watu wake. Mwandikie dada yako."

Nikamwambia kwamba siwezi, nimekula kiapo.

"Mie sikula kiapo. Mie nlipika." Akaufuta mwiko kwa kanga. "Andika kuwa mimi ndiye niliyesema. Jina langu unalijua."

Kisha akaniuliza kama haya yanafanana na niliyoyasikia kule ndani. Nikainama kuokota mifuniko ya sufuria. Alinitazama usoni, akarudi kwenye sufuria zake.

Nimeliweka neno hili mbele yangu siku mbili nikilipima. Huenda Jenerali alisema kwa hasira ya mchana ule. Huenda alitaka tu kumfurahisha mwanamke mzima aliyemtendea wema. Huenda wakubwa wake wakamgeuza. Yote hayo yanawezekana, na mara ile ningekuandikia kila moja kwa kirefu. Najua pia kwamba kanga ya mpishi ni ukuta mwembamba wa kujifichia, na atakayenihukumu kwa hilo hatakuwa amenionea. Lakini nimechoka kuwa mtu mwenye sababu nyingi. Safari hii sina hata moja ya kwangu. Nina neno la Bi Zuwena, aliyeambiwa na mwenye askari, wakiwa uani, mchana kweupe. Usiniulize kama niliyoyasikia ukumbini yanaafikiana nalo. Nakuomba uzingatie tu kwamba, baada ya mara ile, nimethubutu kukuandikia tena.

Neno ulilolitaka ni hili: wataondoka.

Mzee Ramazani, anayekuletea barua hii, amekubali kuwangojea ninyi na kuwavusha ziwa mpaka Kigoma. Usingoje mahema yaanze kukunjwa, kwa sababu siku hiyo mji mzima utakuwa ufukoni. Mbebeni Mama akiwa juu ya kiti chake, asipandishwe kwa kushikwa mikono, goti halitastahimili. Akikataa, mwambie Baba hakuzikwa Uvira, na kwamba hapo nyumbani hamwachi yeyote. Ni maneno magumu, nayaandika mimi ili usilazimike kuyatunga wewe. Kengele ya shule mwachie mlinzi. Najua utataka kuichukua.

Unisalimie Mjomba Wilondja, mkongwe wa kwaya, na umwambie kwamba naye namhesabu katika safari. Wasalimie binti zako wawili, na mke wa pasta aliyemuuguza Mama. Shemeji yangu nimwombee tu heri huko aliko jeshini. Sina njia ya kumfikia, na sitaki kukuandikia tumaini nisilolipima.

Mimi ni mdogo wako uliyembeba, nami safari hii naomba nibebe japo kona moja ya mzigo,

Sadiki

Bi Zuwena amenikuta nafunga bahasha, akasema hawezi kutajwa katika barua asiyoitia mkono wake. Yafuatayo ameandika mwenyewe:

Dada Furaha, asalaam alaykum. Mimi ndiye niliyesema. Chumba cha chini hapa kwangu nshakifagia, kitanda cha mama nimekiweka karibu na mlango asipande ngazi. Huyu ndugu yako anafikiri sana. Wewe njoo. Mwenyeji ni mimi.