Ungo Uliozinduliwa Mara Mbili

Kwako kaka Elia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe, wifi Shukuru na watoto hamjambo hapo Mafiga, na kile kifua cha mdogo kimepona. Huku milimani Mungu ametujalia mvua, njegere zimestawi, na mama siku hizi anatembea bila fimbo. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni sivyo, na nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu umeacha kupokea.

Unakumbuka siku mlipotuletea mtambo wa intaneti ya kasi. Gari la kampuni yenu liliishia darajani, wazazi wakabeba betri na ule ungo wa kunasia mawimbi hadi shuleni. Mzee Mikidadi, baba yake Nasra wa kidato cha nne, aliteleza kwenye matope akaanguka na ungo. Ukingo wake ukabonyea, na goti la mzee halijanyooka mpaka leo. Ulimpa pole, ukasema ungo utafanya kazi tu.

Ulifanya kazi kweli. Siku ya uzinduzi mwalimu wa fizikia alifundisha akiwa mjini, tukimwona kwenye skrini kana kwamba yumo darasani. Wewe unajua hatujawahi kupata mwalimu wa somo hilo. Mimi wa Kiswahili ndiye huwasomea kitabu, na wakiniuliza jambo nageuza ukurasa. Nasra alinyoosha mkono akauliza kwa nini radi tunaiona kabla ya kuisikia. Mwalimu akamjibu, kisha naye akamuuliza, na Nasra akapata. Mgeni rasmi alipiga makofi, akapigwa picha, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata tulikuta ukuta mtupu, ungo na skrini vimeng'olewa. Nilipokupigia ulisema mtambo umepelekwa matengenezo, niwaambie watoto wavumilie. Nikawaambia. Niliendelea kuwaambia hivyo hadi wakachoka kuuliza. Siku moja Nasra akanifuata ofisini, akataka kujua kama walikosea kitu, kama labda swali lake lilikuwa la kijinga ndiyo maana yule mwalimu hakurudi. Mtoto aliona aibu kwa kosa lenu, kaka. Na mimi niliyekuwa nikimtuliza nilikuwa namdanganya kwa maneno yako.

Wiki iliyopita nilikwenda kusahihisha mitihani ya majaribio kwenye sekondari ya mlima wa pili, ng'ambo ya bonde. Nilikuta wanafunga mapambo, na kwenye paa la ofisi yao kuna ungo uliobonyea ukingoni. Juu ya ngazi, ukikaza nati, ulikuwa wewe, na vibarua wa kampuni wakishusha nyaya kwenye gari lenu. Hukuniona. Nilijibanza nyuma ya jiko la shule kwa hasira. Nilitaka kuivuta ile ngazi. Namshukuru Mungu miguu haikunipeleka.

Nilimweleza Mzee Mikidadi. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu uzinduzi wao ni lini, na siku hiyo tulishuka bonde na kupanda tena, yeye akiburuta mguu, Nasra akimshika mkono. Wewe ulikuwa umesharudi mjini. Mgeni rasmi alikuwa yule yule. Alipokuwa anausifu mtambo mpya, Mzee Mikidadi alisimama, akaomba radhi kwa kukatiza, akasema, "Mheshimiwa, huo ungo si mpya. Niliubeba mimi, nikaanguka nao. Hili goti ni shahidi."

Watu walicheka kwanza, wakidhani mzee anatania. Kisha Nasra akaeleza somo zima la siku ile, hadi lile swali lake, na mgeni akamkumbuka. Kicheko kikaisha. Mgeni akamgeukia bosi wenu, aliyekaa jirani yake, kutaka maelezo. Kaka, yule mtu hakusita hata kidogo. Alisema kampuni haijui lolote, kwamba fundi wao Elia ameng'oa mtambo bila ruhusa na atachukuliwa hatua.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nilisimama. Nikasema Elia ni kaka yangu, tumbo moja, na kwamba aliniambia kwa mdomo wake mtambo uko matengenezo. Nikasema pia kwamba fundi wa kuajiriwa hapandishi ungo mlima wa pili kwa gari la kampuni, akiwa na vibarua wa kampuni, kwa kujiamulia. Afisa elimu aliyekuja na mgeni aliniomba namba yako nikampa. Jumatatu utaitwa. Najua huenda kazi imekwisha, na mwenye kuimaliza ni mimi.

Siombi radhi. Kama uliagizwa, taja aliyekuagiza, nami nitashuka mjini kusimama karibu yako. Ukikubali kumbebea yule mtu uongo wake, mlango wangu usiupitie. Mama sijamwambia, na sitamficha akiniuliza.

Tulipokuwa tunarudi, Nasra aliniuliza kama kweli yule fundi ni kaka yangu. Nikamwambia ndiyo. Leo darasani alikaa nyuma kabisa.

Nisalimie wifi na watoto, wabusu kwa ajili yangu. Barua hii anakuletea Oscar wa lori la mboga. Mpe majibu yako kabla hajageuza.

Mdogo wako,
Witness