Vikopo Vinne Chini ya Kabati

Jumatatu, 17 Juni 1974
Nimebadilisha ndizi za mtegoni, nimezitia pombe ya jana. Hawa vipepeo ni walevi kuliko wanaume wa Kilosa. Kiangazi kimeingia. Wa bondeni sasa wana rangi ya majani makavu. Ndugu zao wa masika walikuwa na madoa kama macho mbawani. Nimewachoma pini pamoja, wa masika juu, wa kiangazi chini. Miaka yangu ya kazi imo kabatini humo: msitu wa bondeni, kingo za mto Mkondoa, mikonge ya Kimamba, miombo ya Mikumi. Nimefunga kabati la shule. Nimeongeza mafuta ya taa kwenye vikopo vinne vya miguu yake, sisimizi wasipande.

Ijumaa, 28 Juni
Mwalimu Mkuu katangaza kwa walimu wote. Saba Saba tutaonyesha vipepeo aliowakusanya yeye. Yeye! Anayeogopa hata nyasi ndefu. Kabandua jina langu kabatini, kabandika lake.

Nimemfuata ofisini. Shikamoo nimempa, adabu ni adabu.

"Marahaba. Mwalimu Tabitha, siku hizi hakuna changu wala chako. Ndiyo ujamaa."

Na jina lake je, nalo la wote? Nimetoka. Namchukia. Atanitambua.

Jumatano, 3 Julai
Chakula hakipiti. Wanakijiji wameanza kufyeka msitu wa bondeni, wapate shamba la kijiji. Wafyeke. Mimi nina langu.

Alhamisi, 4 Julai
Nimebaki nyuma kufagia. Nimemwaga mafuta yote ya vikopo. Nimepaka asali miguu ya kabati, wageni wangu sisimizi wasipotee njia.

Kabati sikulifungua. Ningewaona ningeghairi.

Jumapili, 7 Julai
Saba Saba. Ngoma, wakubwa wa wilaya, Mwalimu Mkuu na suti mpya. Kalifungua kabati mwenyewe, kwa mbwembwe. Vumbi. Pini tupu. Vipande vya mbawa vikamwangukia viatuni, na sisimizi bado wako kazini.

"Mwalimu, ndio hao?" kauliza mgeni mmoja.

Watoto wakaangua kicheko. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Nimefurahi. Naandika tena: nimefurahi sana. Nimekula sahani mbili za pilau.

Jumamosi, 14 Desemba
Mvua za vuli zimeshika. Mwalimu Mkuu kahamishiwa Msowero zamani, hata simkumbuki sana. Leo nimebeba wavu, ndizi na pombe, nimeteremka bondeni nianze upya.

Mahindi mpaka kwenye chemchemi. Mti wa kutundikia mtego sikupata, nimeuweka juu ya kisiki. Nimekaa mpaka jua la utosi. Nzi wamekuja. Nyuki pia. Juu ya mahindi wanapita wale weupe wa kila mahali. Wale wa macho mbawani, hakuna hata mmoja.

Mama mmoja aliyekuwa anapalilia kaniuliza natafuta nini.

Nimemwambia, nilikuwa nao.

Kanipa pole, kaendelea kupalilia. Ndizi nimeziacha palepale kwenye kisiki.