Maji ya Mkwe

Kwa kaka yangu Ambrosi, huko Mbeya,

Huku Tosamaganga baridi imeshaanza, kaka. Maharage tumeanika, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Wifi mgongo umepona?

Mkwe wetu Aroni alinivutia maji ndani. Aliweka sinki sebuleni, akatindua ukuta unaopakana na chumba changu, akapitisha bomba na kupiga plasta, majirani wakaja kuangalia. Kumbe bomba linavuja humo ukutani, na nyumba yenyewe ni ya tofali mbichi. Sebuleni plasta bado inang'aa. Chumbani kwangu ukuta umevimba, godoro limeoza, kitanda nimekihamishia jikoni.

Fundi mwingine ameniambia aliyeharibu ndiye atengeneze. Sawa, lakini atajuaje? Chumbani kwa mama mkwe hawezi kukanyaga, nami sijawahi kumtazama usoni. Nikasema nikutume wewe umwambie. Happy, mwanangu, akalia: "Mama, mjomba akimgombeza mume wangu, atakayelipa ni mimi." Naye ana mimba. Basi kaka, usimwambie.

Jumapili Aroni alikuja kunisalimia. Nilikimbilia chumbani kama desturi, akasimama sebuleni, tukaongea ukuta ukiwa katikati.

"Mama, maji yanatoka vizuri?"

Nilikuwa nimeegemea ukuta, kanga imelowa mgongoni.

"Yanatoka vizuri sana, baba. Asante."

Alifurahi mno. Kesho anakuja kuniwekea bomba la jikoni, na mimi sijui kitanda nikipeleke wapi.

Ni mimi dada yako,
Esta